Kwa nini galaksi yangu ya Andromeda inatoka kama doa jeupe?

*"Shikamoo mtaalamu. Naishi Dodoma. Nina Canon ya kawaida, lenzi ya milimita 200 na traka ndogo ya kufuata nyota. Mwezi Oktoba nilitoka nje ya mji, njia ya Iringa, nikapiga Andromeda fremu 45 za sekunde 60, ISO 3200. Nimeziunganisha kwenye programu ya Siril, picha ikafunguka nyeusi tii na nyota chache tu. Nilipoivuta, yaani kuukuza mwanga hafifu, nikapata doa jeupe katikati, anga jekundu chini na kijani juu, chenga kila mahali. Nikaongeza weusi ili anga litulie, galaksi ikazidi kuwa ndogo. Mikono yake inayokizunguka kiini siioni. Je, nimepoteza usiku wangu? Ninunue darubini, au kuna programu ya akili mnemba itakayoitoa? Na zile picha za wenzetu wa Ulaya, rangi zake ni za kweli au wanapaka?"*

Marahaba, ndugu yangu. Nimeifungua picha uliyoambatisha, na nianze na lile linalokuuma: usiku wako hukuupoteza. Galaksi imo ndani ya faili. Kilichopotea kimepotelea mezani kwako, pale ulipoongeza weusi, na kinaweza kurudi kwa sababu faili la awali bado unalo.

Maswali yako ni mengi lakini mzizi wake ni mmoja. Tunapoanza kazi hii, wengi tunaamini kwamba anga la usiku ni jeusi, kwa hiyo picha nzuri lazima iwe na anga jeusi. Si kweli, na imani hiyo imeharibu picha nyingi za galaksi kuliko lenzi mbovu. Anga lina mwanga wake. Hewa ya juu kabisa hung'aa yenyewe usiku kucha, oksijeni ikitoa kijani hafifu ambacho jicho halikitambui lakini kamera inakiokota. Ongeza hapo vumbi la Dodoma linaloturudishia chini mwanga wa taa za mji. Kamera yako ilikusanya vyote hivyo fremu baada ya fremu, na nuru ya Andromeda ikaja juu yake.

Watu hawaliamini jambo hili mpaka walipime wenyewe: hata mahali penye giza zuri, mikono ya nje ya Andromeda ina mwanga mdogo kuliko anga lililo mbele yake. Fikiria utando juu ya maziwa yaliyochemshwa: maziwa ni anga, utando ni galaksi. Kazi nzima ya kuchakata picha ya galaksi ni kuyaondoa maziwa bila kuuchana utando. Ulipoburuta kitelezi cha weusi ulivimwaga vyote viwili, ukabaki na kiini peke yake.

Tuchukue tarakimu za mfano. Kamera ya namna yako hugawa mwanga katika ngazi 16,384. Tuseme kwenye fremu moja anga limekaa ngazi ya 2,000. Mikono ya galaksi itakuwa 2,040 hivi, na kiini kimepaa hadi 12,000. Tuseme pia chenga za fremu hiyo zinapandisha na kushusha kila pikseli kwa ngazi 60. Tofauti ya 40 inamezwa na chenga za 60, ndiyo maana kwenye fremu moja huoni kitu. Ukiunganisha fremu 45, tofauti inabaki 40 ileile, lakini chenga zinagawanywa kwa kipeuo cha pili cha 45 na kuwa 9. Hapo mikono imeshajitokeza. Ukifikisha fremu 180, chenga zinashuka hadi 4 na nusu. Itazame vizuri hesabu hiyo: fremu mara nne zinakupa chenga nusu. Kila mpiga picha wa anga duniani analipa bei hiyohiyo.

Sasa, kwa nini picha ilifunguka nyeusi? Kihisi cha kamera huhesabu mwanga kwa mstari ulionyooka: nuru ikiwa mara mbili, tarakimu nayo mara mbili. Jicho letu halifanyi hivyo, linavikuza vilivyo hafifu na kuvibana vilivyo vikali. Siril inapokuonyesha faili kama lilivyo, karibu galaksi yote imejikunja kwenye kipande chembamba cha histogramu (grafu ya viwango vya mwanga), kushoto kabisa. Chini ya dirisha kuna menyu iliyoandikwa Linear. Ibadilishe iwe AutoStretch, na picha itafunuka papo hapo, ikiwa na rangi za kutisha. Usiogope rangi hizo. Hayo ni maonyesho ya kwenye skrini tu. Tarakimu za ndani hazijaguswa, na kazi kubwa inatakiwa ifanyike zikiwa bado hivyo. Ukivuta kwanza ndipo urekebishe baadaye, kila kasoro inakuwa imevutwa pamoja na galaksi, na kuzitenganisha tena ni taabu.

Doa lako lina historia ndefu, nalo linajibu swali lako la darubini. Al-Sufi, mwanafalaki aliyefanya kazi Isfahan, aliliandika mwaka 964 kuwa ni kiwingu kidogo. Karne nyingi baadaye watu walikuwa na darubini kubwa na bado waliona ukungu tu. Mwaka 1888 Isaac Roberts, mzaliwa wa Wales, alielekeza kamera huko kwa saa kadhaa mfululizo, na kwa mara ya kwanza mizunguko ya mikono ikaonekana kwenye picha. Darubini zilikuwapo kabla yake. Roberts aliongeza muda wa kukusanya nuru. Wewe ulikusanya dakika 45, tena kwa kifaa ambacho Roberts angekitamani.

Tuje kwenye anga jekundu chini na kijani juu. Hapa kosa halikuwa kwenye programu, lilikuwa barabarani. Kutoka Dodoma, Andromeda hupita kaskazini, na ikifika juu kabisa inasimama kama nyuzi 42 tu kutoka upeo wa macho. Wewe ulitoka njia ya Iringa, yaani kusini mwa mji. Kwa hiyo ulipiga picha juu ya kichwa cha Dodoma yenyewe, taa zake zote zikiwa chini ya fremu yako. Safari ijayo toka kwa njia ya Kondoa, uupite mji ubaki mgongoni. Umbali uleule, nauli ileile, na utaona tofauti kubwa kuliko kwa kununua lenzi mpya. Ukitaka kupiga galaksi za kusini kama Centaurus A, ndipo njia ya Iringa inapokufaa.

Kwa picha uliyonayo, mteremko huo wa mwanga unaondolewa hivi. Kata kwanza kingo za picha, kwa sababu pembeni fremu hazikulaliana sawasawa na programu itadanganyika. Kisha fungua zana ya kuondoa mandharinyuma kwenye Siril. Itasambaza vidoto vya kupimia anga picha nzima, na hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanaviacha vyote kama vilivyo. Lenzi yako kwenye kamera hiyo inaona kama nyuzi 6 kwa 4 za anga, na Andromeda ina urefu wa nyuzi 3. Maana yake galaksi imeshika nusu ya upana wa picha yako, ijapokuwa wewe unaona doa tu. Futa kila kidoto kilichoangukia humo, na futa kwa ukarimu, mpaka mbali na pale macho yako yanapodhani galaksi imekwisha. Kidoto kimoja kilichobaki juu ya mkono kinaiambia programu kwamba mkono ule ni uchafu wa anga, nayo itauondoa kwa utiifu. Chagua polinomia, yaani fomula ya kuuchora mteremko huo, ya daraja la kwanza au la pili. Ya nne inajipinda kiasi cha kuifuata galaksi yenyewe na kuila. Usiporidhika, jaribu GraXpert, ambayo ni ya bure na hufanya kazi hiyohiyo vizuri.

Baada ya hapo ndipo rangi. Umeuliza kama wenzetu wanapaka, na swali lako ni la haki. Siril inaweza kutambua nyota zilizomo katika picha yako, ikazilinganisha na orodha ya Gaia, setilaiti ya shirika la anga la Ulaya iliyorushwa mwaka 2013 na kupima nyota zaidi ya bilioni moja. Rangi ya kila nyota imo kwenye orodha. Programu inasawazisha nyekundu, kijani na bluu mpaka nyota zako zikubaliane na zile zilizopimwa, na galaksi inafuata. Hakuna anayechagua rangi hapo. Kiini kitatoka cha manjano kwa sababu kimejaa nyota kongwe, mikono itaelekea bluu kwa sababu ya nyota changa zenye joto kali, na kati yake kutapita michirizi ya kahawia ya vumbi. Rangi hizo ni za kweli. Wanachoongeza watu ni ukolezaji, na hapo kila mmoja ana kiasi chake. Mimi napenda kidogo. Zile nukta za waridi unazoziona kwenye picha za wengine ni mawingu ya haidrojeni. Kamera ya kawaida ina kichujio mbele ya kihisi kinachozuia sehemu kubwa ya mwanga huo mwekundu, hivyo usijilaumu zikikosekana kwako, na usizipake.

Ukishasawazisha rangi, sasa vuta. Tumia mvuto wa asinh au ule wa hiperboli uliomo ndani ya Siril, na uvute kidogokidogo, mara tatu au nne, badala ya mara moja kwa nguvu. Doa lako limekuwa jeupe kwa sababu ulivuta kwa mkupuo mmoja: kiini kilifika ukomo katika rangi zote tatu kwa pamoja, na rangi zote tatu zikifika ukomo jibu ni jeupe. Kila baada ya mvuto sogeza weusi kidogo, lakini usiguse mlima wa histogramu. Acha nafasi kati ya ukuta wa kushoto na pale mlima unapoanzia. Mwisho wa kazi, anga lako likipimwa kwa ngazi za 0 hadi 255 liwe 20 hadi 30. Litaonekana la kijivu na litakukera siku za mwanzo. Livumilie.

Namna ya kujipima ni kuwatazama majirani wawili wa Andromeda, galaksi ndogo M32 na M110. M32 ni duara dogo, kali, karibu sana na kiini. Hata kwenye picha yako ya sasa ipo. Ng'ambo ya pili ya galaksi kuna M110, kubwa kidogo, ya mviringo uliorefuka, hafifu. Kwako haipo kabisa. Hiyo ndiyo shahidi wako. Kila unaposogeza weusi, mtazame M110: kingo zake zikianza kunyauka, rudi nyuma. M110 ikiwa na ukungu wake wote unaoyeyuka taratibu kwenye anga, basi mikono ya Andromeda nayo iko salama. Nilipoivuta upya picha yako kwa utaratibu huu, M110 imetokea, na mchirizi mmoja wa vumbi umeonekana wazi upande ulio karibu nayo. Hii ni kwa dakika 45 zako hizohizo.

ISO 3200 ilikupunguzia. Wengi hudhani ISO kubwa inaleta nuru zaidi. Haileti, inakuza tu nuru iliyokwisha kuingia, na kwa kufanya hivyo inashusha dari ambapo nyota na kiini vinagonga na kupoteza rangi. Kwa Canon nyingi, 800 hadi 1600 inatosha. Fungua fremu moja ghafi ukague kiini: kama kimeshagonga dari humo, hakuna mchakato utakaokirudisha, ila unaweza kupiga fremu chache za sekunde 10 na kuziunganisha kwa ajili ya kiini peke yake.

Hukutaja fremu za kusahihishia kasoro za kamera, yaani za giza na za mwanga sawa, na chenga zako zinanionyesha hukupiga. Hili lina uzito zaidi kwetu kuliko kwa watu wa nchi za baridi. Kihisi kisichopozwa hutoa chenga zake chenyewe kutokana na joto, na kila joto linapopanda kwa kama nyuzi 6 chenga hizo zinaongezeka takriban mara mbili. Kwa hiyo kabla hujafungasha, funika lenzi, upige fremu 20 hivi kwa sekunde zilezile na ISO ileile, palepale porini. Ukisubiri mpaka ufike nyumbani na chumba kina joto lake, hazitafanana. Za mwanga sawa zipige alfajiri: tandaza fulana nyeupe mbele ya lenzi, elekeza juu, usiguse fokasi wala usiizungushe kamera. Hizi ndizo zinazoondoa vivuli vya vumbi na weusi wa pembeni mwa lenzi, ambao programu ya kuondoa mandharinyuma huuchanganya na mwanga wa mji. Jambo jingine dogo: kila baada ya fremu 10, isogeze kamera kidogo sana. Michirizi ya chenga iliyolala upande mmoja kwenye picha yako inatokana na kuacha kufanya hivyo.

Akili mnemba nisingekukataza, ila lazima utenganishe aina zake. Zipo zilizotengenezwa kwa kazi hii, kama StarNet inayotoa nyota ili uivute galaksi bila kuzivimbisha, au kipunguza chenga kilichomo ndani ya GraXpert. Nazitumia, kwa kiasi. Zipo pia za kunoa, zinazokisia jinsi hewa na lenzi zilivyotandaza kila nukta na kujaribu kuirudisha. Msingi wake si wa kubuni: wataalamu wa darubini ya Hubble walitegemea hesabu za namna hiyo tangu ilipogundulika mwaka 1990 kuwa kioo chake kina kasoro hadi iliporekebishwa mwaka 1993. Tatizo linakuja zinapokosa data za kutosha, maana hapo zinaanza kuchora. Na zile programu za simu za kung'arisha sura za watu usizikaribie kabisa. Zitakupa mikono mizuri ya galaksi isiyokuwapo.

Nina sababu ya kulishikilia hili. Mwaka 2023 wapenzi wa anga watatu, Marcel Drechsler, Xavier Strottner na Yann Sainty, walitangaza upinde mkubwa wa mwanga wa oksijeni uliolala kando ya Andromeda, eneo lililopigwa picha na kila mtu kwa zaidi ya karne moja. Walikusanya zaidi ya saa 100. Upinde ulipojitokeza, wapigaji wengine waliutafuta kwa vifaa vyao wenyewe, nao wakaupata. Programu iliyofundishwa jinsi anga safi linavyopaswa kuonekana ingeweza kuufuta ikidhani ni taka. Kwa hiyo kila ukitumia zana ya namna hii, weka picha ya kabla na ya baada katika dirisha moja, uzikuze, ubadilishe moja kwa nyingine. Undani uliopo baada tu, na kabla hauna hata dalili, uondoe.

Je, ununue darubini? Kwa sasa, hapana. Andromeda ni kubwa mno kwa darubini nyingi za bei ya kawaida, zitakuonyesha kipande. Darubini pia ni nzito, na traka yako ndogo haitaibeba. Fedha hiyo iweke kwenye nauli za usiku tatu au nne zisizo na mbalamwezi kabla mvua za Desemba hazijafunga anga, upige fremu 150 hadi 200 kwa jumla na kuzichanganya na hizi ulizonazo. Siril ni ya bure. PixInsight, programu nyingine ya kazi hii, inalipiwa na ina nguvu, lakini kwa saa tatu za data kutoka kwenye lenzi, sioni itakachokupa ambacho Siril itakunyima.

Kuna mambo ambayo maandishi hayatoshi, na inafaa mtu ayaone kwa macho. La kwanza ni kuielekeza traka kwenye ncha ambayo anga huonekana kuizunguka. Kwetu Dodoma nyota ya kaskazini iko chini ya upeo, hivyo kile kidarubini cha traka hakina cha kulenga huko, na ncha ya kusini iko nyuzi 6 tu juu ya ardhi, kwenye vumbi na vichaka. Inabidi uelekeze kwa kufuatilia nyota inavyoteleza. Nimewaona watu wakisoma maelezo hayo mwezi mzima bila kuelewa, kisha wakaelewa usiku mmoja waliposimama na mzoefu. Kuza fremu zako moja moja: kama nyota ni vijistari badala ya nukta, anzia hapo, maana hakuna hatua yoyote niliyoieleza itakayozinyoosha.

La pili ni lenzi. Katika picha yako, nyota za kulia ni kali na za kushoto zina mikia. Inaweza kuwa ni uzito unaoilegeza shingo ya lenzi, inaweza kuwa lenzi ilianguka zamani kabla hujainunua. Mpelekee fundi wa kamera anayeaminika, umwombe pia aitazame kwa tochi kama ina ukungu wa fangasi, hasa kama ilikaa Dar es Salaam au Tanga kabla ya kufika kwako. Usiifungue mwenyewe, na usipulize kihisi kwa mdomo.

Ukishafuta vidoto upya na kusawazisha rangi, nitumie faili hilo kabla hujalivuta. Litume kama hati, usilitume kama picha, kwa sababu WhatsApp hubana picha na cha kwanza inachokitupa ni huo mwanga hafifu tunaoutafuta.